Kabla ya Kuhamishia Ofisi Mawinguni

Oktoba 2009 madiwani wa jiji la Los Angeles, Marekani, walipiga kura kuhamisha barua pepe za watumishi wa jiji, wapatao 30,000, kutoka mfumo wa GroupWise uliokuwa kwenye seva za jiji kwenda Google. Mkataba ulikuwa wa dola milioni 7.25, na kazi ilitarajiwa kukamilika katikati ya mwaka 2010. Haikukamilika. Polisi wa jiji hutunza kumbukumbu za washukiwa na wahalifu, na kumbukumbu hizo zinalindwa na masharti ya FBI kuhusu nani azione, zihifadhiwe vipi na mafundi wanaozihudumia wachunguzwe vipi. Google ilisema sharti hilo lililetwa mezani baada ya mkataba; jiji likasema mkandarasi aliyepewa kazi ya kuhamisha alishindwa kulitimiza. Desemba 2011 mkataba ukarekebishwa: polisi na idara nyingine za usalama, watu wapatao 13,000, wakabaki kwenye mfumo wa zamani. Jiji lililotaka kuondoka kabisa kwenye mfumo mmoja likajikuta linaendesha miwili.

Tatizo la kisa hicho halikuanzia kwa fundi. Swali la nani hawezi kuhama, na kwa sababu gani, lilipata jibu fedha zikiwa zimeshatengwa na tarehe imeshatangazwa. Shule, hospitali ya misheni, SACCOS au kampuni ya usafirishaji inayojiandaa kuhamia Google Workspace, Microsoft 365, Zoho au huduma nyingine ya namna hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na Los Angeles, lakini hujikwaa palepale. Kazi kubwa ya kuhama hufanywa kabla ya kununua leseni ya kwanza, nayo ni kazi ya kuuliza na kuhesabu. Anayeiruka huifanya baadaye, usiku, huku mkurugenzi akipiga simu kuuliza barua zake ziko wapi.

Sababu za kuhama zipo, na ni nzito. Machi 2021 wadukuzi walipenya maelfu ya seva za Microsoft Exchange duniani kupitia nyufa ambazo kampuni ilitoa viraka vyake tarehe 2 mwezi huo. Walioumia zaidi ni wale ambao seva zao zilikuwa ofisini kwao, bila mtu wa kuzihudumia kila siku. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikafunga msaada wa kawaida kwa Exchange 2016 na 2019. Shirika lenye fundi mmoja wa TEHAMA ambaye pia hurekebisha printa na kufunga kamera haliwezi kushindana na wadukuzi wa namna hiyo. Kuikabidhi kazi ya ulinzi wa seva kwa wenye timu za usiku na mchana ni uamuzi wa busara.

Basi anza kwa kuhesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya barua zenyewe, na hapa mashirika mengi ya kwetu yana hali ambayo miongozo iliyoandikwa Ulaya haiitaji. Barua pepe nyingi za ofisi zimekaa kwenye kifurushi cha bei nafuu kilichonunuliwa pamoja na tovuti, chenye nafasi ndogo kwa kila akaunti. Nafasi ilipojaa, fundi aliiweka Outlook ivute barua kutoka kwenye seva na kuzifuta kule. Matokeo yake, barua za miaka minane za mhasibu ziko kwenye kompyuta ya mhasibu na hakuna kwingine. Ukiunganisha zana ya kuhamisha na seva ya zamani itahamisha barua za wiki mbili, itasema kazi imekamilika, na kwa upande wake itakuwa imesema kweli. Kwa hiyo pita meza kwa meza. Fungua kila kompyuta, tafuta faili za Outlook zenye kiambishi PST au OST, andika ukubwa wake na jina la mwenye nazo. Usisahau kompyuta ya mtu aliyestaafu iliyo kabatini.

Hesabu ya pili ni ya anwani zisizo na mtu. Kuna info, kuna manunuzi, kuna ile iliyoandikwa kwenye mabango barabarani na kwenye leseni ya biashara. Nani huzisoma? Ni akaunti inayojitegemea, au ni jina tu linalopeleka barua kwa mtu mwingine? Mara nyingi akaunti moja hutumiwa na watu watano wenye nywila ileile. Kwenye mfumo mpya hiyo itengenezwe kama sanduku la pamoja: kila mmoja anaingia kwa jina lake mwenyewe, na huhitaji kulipia leseni ya ziada kwa ajili yake. Orodhesha pia huduma zilizosajiliwa kwa anwani hizo: mamlaka ya kodi, msajili wa makampuni, benki, bima. Anwani ikifa siku ya kuhama, ujumbe wa kubadilisha nywila za huduma hizo hautakuwa na pa kufikia.

Hesabu ya tatu ni ya mashine na programu zinazotuma barua bila mtu kugusa kitufe. Mfumo wa mishahara hutuma hati za malipo. Tovuti hutuma fomu za maombi. Mashine kubwa ya kunakili hupiga picha nyaraka na kuzituma kwenye barua pepe. Nyingi kati ya hizo zinajua njia ya zamani tu ya kujitambulisha, yaani jina na nywila, na watoa huduma wakubwa wamekuwa wakiifunga njia hiyo. Microsoft ilianza kuizima kwa wateja wake wa Exchange Online Oktoba 2022. Afadhali kuligundua hilo kwenye orodha kuliko kwenye siku ya mishahara.

Baada ya kuhesabu, uliza jambo moja ambalo watu hulionea haya: domeni ni ya nani? Jina linalofuata alama ya @ ndilo ufunguo wa kila kitu kitakachofuata, kwa sababu kuhama kunafanyika kwa kubadilisha kumbukumbu za domeni hiyo. Katika mashirika mengi domeni ilisajiliwa na kijana aliyetengeneza tovuti miaka kumi iliyopita, kwa jina lake, kwa anwani yake binafsi, na yeye sasa yuko nchi nyingine. Wengine hawakosani naye. Wengine wanamdai, au yeye anawadai. Hakuna zana itakayolimaliza hilo isipokuwa mazungumzo na barua rasmi. Kila kundi la majina, yawe ya .tz au ya .ke, lina msimamizi wake wa rejista; kwa .ke ni KENIC. Kila domeni iko chini ya wakala wa usajili aliyeidhinishwa, na mabadiliko ya umiliki huanzia kwake. Lianze hili miezi miwili mapema, na usisaini mkataba wowote wa kuhama kabla shirika halijashika domeni yake kwa jina lake.

Mantiki hiyohiyo itumike kwa akaunti kuu ya usimamizi wa mfumo mpya. Iwe na wasimamizi wawili angalau, isiwe anwani binafsi ya fundi, na neno la siri la akiba lihifadhiwe kwenye kasiki ya ofisi pamoja na hati nyingine za thamani. Ukimpa muuzaji wa leseni haki za usimamizi ili afanye kazi ya kuhamisha, andika tarehe ya kuzirudisha.

Sheria nayo isiachwe mpaka mwisho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Uganda ya mwaka 2019. Rwanda ya mwaka 2021. Zote zina masharti kuhusu taarifa binafsi kupelekwa nje ya mipaka, na huduma hizi kwa kawaida huhifadhi data nje ya mipaka. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, na Google ikafungua kituo cha huduma zake za wingu Johannesburg Januari 2024, lakini kituo kuwapo Afrika hakumaanishi kwamba barua zako zitakaa humo. Muulize muuzaji kwa maandishi data itakaa wapi, kisha mpelekee jibu hilo mwanasheria. Hospitali yenye majalada ya wagonjwa na SACCOS yenye taarifa za mikopo zinaweza kuamua kwamba barua pepe zihame na majalada yabaki. Huo ni uamuzi halali kabisa, mradi ufanywe mapema na uandikwe. Kwa taasisi ya umma Tanzania, njia imeshachorwa: Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo ina mfumo wake wa barua pepe wa serikali, ndiyo pa kuanzia kabla ya kuongea na muuzaji yeyote.

Sasa uchaguzi. Watu hubishana kuhusu Google na Microsoft kama mashabiki wa Simba na Yanga, ilhali majibu mengi yako kwenye ofisi ya mhasibu. Kama idara ya fedha inaendesha bajeti kwenye Excel yenye makro zilizoandikwa kwa miaka, Google Workspace itafungua faili hilo lakini makro hazitafanya kazi. Kama shirika hubadilishana rasimu za Word na wafadhili au wizara kila wiki, Microsoft itapunguza maumivu. Kama wafanyakazi wengi wako mashambani au mitaani, wanatumia simu, na wanaandika ripoti watu watatu kwenye waraka mmoja, Google hujifunzwa upesi. Zoho, ya Chennai nchini India, huwafaa wanaobana matumizi. Usimnunulie kila mtu leseni ileile: mlinzi na dereva pengine hawahitaji zaidi ya barua pepe kwenye simu, na wengine hata hiyo hawaihitaji. Asasi isiyo ya kiserikali iulize kwanza mpango wa misaada wa kampuni husika kabla ya kulipa bei ya biashara.

Bei yenyewe ni ya dola, na hapo bajeti nyingi huvunjika. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Miezi mitatu baadaye ilikuwa imerudi kati ya 130 na 135. Leseni 100 za dola 6 kila moja zingekuwa ankara ya takriban shilingi 96,000 mwezi ule na kama 80,000 baadaye. Safari hiyo shilingi ilipanda. Mara nyingine hushuka. Weka akiba kwenye bajeti, ongeza kodi ya ongezeko la thamani, na fikiria kununua kupitia wakala wa nchini anayepokea shilingi na kutoa risiti inayotambuliwa na mamlaka ya kodi. Kulipa kwa kadi binafsi ya mkurugenzi ni hatari: kadi ikiisha muda, barua pepe za shirika zima husimama. Soma pia kipengele cha muda. Mkataba wa mwaka huwa nafuu kuliko wa mwezi kwa mwezi, lakini kwa Microsoft, baada ya siku chache za mwanzo, huwezi kupunguza idadi ya leseni mpaka mwaka uishe. Hivyo nunua za wale uliowahesabu, na uongeze baadaye.

Kisha piga hesabu ya intaneti. Chukua ofisi yenye watu 40, kila mmoja na barua za GB 20: jumla GB 800. Kama kasi ya kupandisha ni megabiti 10 kwa sekunde, na hakuna mtu mwingine anayeigusa laini, kazi itachukua zaidi ya siku saba, usiku na mchana. Katika ofisi halisi ni wiki tatu. Ndiyo maana waliozoea kazi hii huhamisha barua za zamani kwanza, taratibu, usiku, wakati watu bado wanatumia mfumo wa zamani, na siku ya mwisho wanamalizia zile za karibuni tu. Ukiweza, hamisha moja kwa moja kutoka seva ya zamani hadi mpya bila data kupita ofisini. Kama tovuti yako iko kwenye seva za Ulaya, hakuna sababu ya barua kuzunguka kupitia Morogoro au Kisumu. Tahadhari: uhamishaji wa kawaida wa IMAP, yaani njia ya kusoma barua zikiwa kwenye seva, hubeba barua na folda tu. Kalenda na majina ya mawasiliano yanahitaji njia yake.

Baada ya kuhama, intaneti inakuwa ndiyo ofisi. Jumapili ya 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wakakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ulisitisha huduma kwa umma kwa siku mbili. Tukio kama hilo halizuiliki na ofisi yako, ila unaweza kulipunguzia makali. Kuwa na laini mbili kutoka kampuni tofauti, na uulize kila moja inapita mkongo gani, maana laini mbili zinazopita mkongo mmoja hukatika pamoja. Washa uwezo wa kufanya kazi bila mtandao: Outlook huhifadhi nakala kwenye kompyuta, na Gmail kwenye Chrome inaweza kutunza barua za hadi siku 90 zilizopita. Hili lifanywe na kujaribiwa na kila mtumiaji siku ya mafunzo.

Mafunzo yasianze na wapenda kompyuta. Chagua kikundi cha majaribio cha watu kumi hivi chenye karani wa masjala, mhasibu, mtu wa tawi la mbali na, zaidi ya wote, katibu muhtasari wa mkurugenzi. Huyo ndiye mtu muhimu kuliko wote katika kuhama. Katika ofisi nyingi yeye ndiye anayesoma barua za bosi kwa nywila ya bosi. Mfumo mpya ukiwekewa uthibitishaji wa hatua mbili, na lazima uwekewe, namba ya siri itakwenda kwenye simu ya bosi, na bosi yuko angani kuelekea Addis Ababa. Asubuhi hiyohiyo agizo litatoka kwamba ulinzi huo uzimwe kwa wakubwa, yaani kwa wale ambao wezi wanawatafuta kwanza. Suluhisho ni jepesi likiandaliwa: Google na Microsoft zote zinaruhusu bosi kumkabidhi katibu haki ya kusoma na kujibu kwa akaunti ya katibu mwenyewe. Kaeni naye nusu saa, mwonyesheni, jaribuni pamoja. Akilikubali jambo, ofisi nzima italikubali.

Watangazie wafanyakazi mapema, kwa maneno machache, na kwa Kiswahili kama ndicho kinachozungumzwa ofisini: lini, nini kitabadilika, nani apigiwe simu. Ongeza sentensi moja kwa herufi nzito: hakuna mtu wa TEHAMA atakayekuomba nywila. Matapeli hupenda majira kama haya, kwa kuwa ujumbe wa "akaunti yako inahamishwa, bonyeza hapa" unaonekana wa kweli kabisa.

Siku ya kugeuza ipangwe Ijumaa jioni, mbali na tarehe za mishahara na mbali na tarehe 20, siku ambayo marejesho ya VAT huwasilishwa Tanzania na Kenya. Siku tatu kabla, mwambie anayeshika domeni apunguze muda wa kumbukumbu za MX, zile zinazoiambia dunia barua za shirika zipelekwe wapi, kutoka saa 24 hadi dakika tano. Hilo likisahaulika, baadhi ya barua zitaendelea kwenda seva ya zamani kwa siku nzima baada ya kugeuza. Wakati huohuo andaa kumbukumbu tatu za uaminifu. SPF hutaja mitambo inayoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Iwe moja tu kwa domeni, kwani mbili hubatilishana, na itaje pia ule mfumo wa mishahara ulioorodhesha. DKIM huweka sahihi isiyoghushika kwenye kila barua. DMARC huwaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyotimiza masharti. Ianze kwa kuangalia tu, kisha ikazwe baada ya wiki kadhaa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinazidai zote tatu kwa anayetuma barua nyingi, na hata mtumaji mdogo asiye nazo huona barua zake zikitupwa kwenye barua taka bila taarifa.

Jumatatu asubuhi fundi asikae ofisini kwake. Apite mezani. Maswali mengi yatakuwa ya simu za mkononi na ya sahihi ya barua iliyopotea, na yakijibiwa siku hiyo hayataota mizizi.

Halafu kuna nakala rudufu, ambayo wengi hudhani imekuja ndani ya leseni. Mei 2024 Google Cloud ilifuta kwa bahati mbaya mazingira ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Huduma zilikatika kwa takriban wiki nzima, na katika kurejesha data ziliwasaidia nakala walizoweka kwa mtoa huduma mwingine. Kwa shirika dogo hatari ya kila siku ni ndogo zaidi na ya karibu zaidi: mfanyakazi anaondoka, akaunti yake inafutwa ili kuokoa leseni, na baada ya siku 20 kwa Google au 30 kwa Microsoft barua zake haziwezi kurudishwa tena. Mkaguzi akiziuliza mwaka unaofuata, hakuna jibu. Nunua huduma ya nakala rudufu iliyo nje ya mtoa huduma wako mkuu, na mara moja kila robo mwaka jaribu kurudisha faili moja. Idara ya utumishi na ya TEHAMA ziwe na fomu moja ya mtu anayeondoka, inayosema barua zake zinakwenda kwa nani kabla akaunti haijaguswa.

Seva ya zamani iachwe ikiwaka, bila kupokea barua mpya, kwa miezi mitatu hivi, maana faili moja lililosahaulika hujulikana mwishoni mwa robo mwaka. Baada ya hapo diski zake zitolewe na kuharibiwa, na tukio liandikwe na kusainiwa. Usiipeleke mnadani na diski ndani: mishahara, majina na namba za vitambulisho vilivyomo bado viko chini ya sheria, na atakayejibu mbele ya mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi ni shirika lililovikusanya.